Sikio la Kompare Tebaldo

Mvua ikinyesha Valdorsa, watu wa sokoni waligeuka kuutazama ukuta wa jumba la baraza. Hawakuwa na haja ya kuambiana. Chokaa ililowa polepole kuanzia juu, chini ya paa, na kadiri ilivyolowa ndivyo weupe wake ulivyofifia, mpaka ndani yake akaanza kuonekana mtu. Miguu kwanza, imefungwa kamba. Kisha magoti, kisha joho jekundu lililomporomokea kifuani, na mwisho kabisa, chini karibu na vichwa vya wauza vitunguu, kichwa chake kinaning'inia. Jua likitoka, mtu yule alirudi ndani ya ukuta. Na kesho yake asubuhi angekuja Manno na ngazi na ndoo ya chokaa, ampake upya, huku akikwepa macho ya watu.

"Manno wa Kichwa Chini," walimwita. Jina alilopewa na padri walilisahau zamani.

Alizaliwa nje ya lango la kusini, mtoto wa mchoma chokaa, mahali ambapo moshi wa matanuri uliwafanya watoto wote wawe na macho mekundu hata siku za furaha. Alijifunza uchoraji kwa mzee mmoja aliyezunguka vijijini akichora watakatifu kwenye makanisa madogo. Hakuwa mchoraji mkubwa, na alilijua hilo. Alichora ngao za askari, makasha ya maharusi, jogoo mlangoni pa muuza mvinyo. Watakatifu wake walifanana wote, kama watoto wa tumbo moja, na nyuso zao zilikuwa na ule utulivu wa mtu ambaye bado hajaamka vizuri. Watu walimlipa, wakashukuru, na hawakurudi kuangalia mara ya pili.

Alikuwa na miaka ishirini na minne, ameoa juzijuzi, watu wa Castelbruno walipouzingira mji. Walikaa nje ya kuta miezi kumi na mmoja. Valdorsa ilikuwa imemwajiri kapteni mgeni, Tebaldo Rovaresi, mtu mrefu mwenye mabega ya mpagazi, aliyepigana kwa malipo tangu ndevu hazijamwota. Watu walimwogopa, kisha wakamzoea, kisha wakampenda, maana alikula walichokula wao. Mwezi wa nane alikula mchuzi wa ngozi ya mshipi akasema chumvi imezidi, na maneno hayo yakazunguka mji mzima kabla ya jioni.

Alikuwa na mambo yake mawili. Hakuvua kamwe kofia ya kitambaa aliyoivaa chini ya chapeo, kofia iliyofunika masikio na kufungwa kwa kamba chini ya kidevu. Na mtu akitaka kuzungumza naye, ilimbidi asimame kuliani kwake. Aliyejisahau akaja kushoto aligeuziwa uso mzima, na kapteni akamsogeza kwa mkono, taratibu, kama mtu anayehamisha kiti.

Siku moja ya mwezi wa tisa jiwe la manjaniki, ule mtambo wa kurushia mawe, lilipiga ukingo wa ukuta, na vipande vikamrukia Tebaldo kichwani. Aliyekuwa karibu ni Manno, aliyepandisha mawe kwa kamba pamoja na wengine. Alimburuta nyuma ya mapipa, akamvua chapeo, akaona damu inachuruzika kutoka ndani ya kofia. Akaifungua kamba. Alikuwa anatafuta jeraha, na upande wa kushoto alikuta jingine, la zamani. Sikio halikuwepo. Kilichobaki kilikuwa kikunjo kidogo cha nyama, kimejiviringisha kama jani la kabichi lililoungua.

Hakuna mtu wa nchi ile asiyejua maana yake. Mwizi akikamatwa mara ya kwanza hukatwa sikio, kisha huachwa aende.

Tebaldo alifumbua macho. Akamshika Manno kifundo cha mkono.

"Umeona."

"Nimeona, Bwana Kapteni."

"Jibini," Tebaldo alisema. "Nilikuwa na miaka kumi na miwili. Jibini moja, tena lilikuwa na funza." Akamwacha Manno amfute damu. Kisha akauliza, "Mkeo ana mimba, si ndiyo? Yule msichana anayepita na ndoo anatembea kama bata."

"Ndiyo, bwana."

"Mtoto akizaliwa nitamshika mimi kwenye maji. Siri kama hii haiwezi kukaa kwa mtu baki. Itakaa kwa kompare wangu."

Kompare ndivyo wanavyoitana watu waliounganishwa na maji ya ubatizo, baba wa mtoto na yule aliyemshika. Kwa watu wa Valdorsa undugu huo ulikuwa mzito kuliko wa damu, kwa sababu wa damu hukuuchagua. Kompare hawapingani kesini. Kompare hatoi ushahidi dhidi ya kompare mwenzake, na hakimu hamlazimishi.

Wiki mbili kabla ya Ghita, mke wa Manno, kujifungua, Tebaldo alikuja nyumbani kwao na kitu kifuani, amekishika kwa mikono miwili kama amebeba ndege. Yalikuwa mayai mawili. Mji mzima haukuwa na kuku. Manno hakuuliza yametoka wapi. Ghita alikula moja pale pale, la pili akalila kesho yake, na alipomzaa Tessa alikuwa na nguvu ya kupiga kelele, jambo ambalo wanawake wengi wa mwaka ule hawakuwa nalo.

Watu wa Castelbruno waliondoka. Baraza likamfanya Tebaldo kapteni wa umma, akautawala mji miaka tisa. Hakuwa malaika. Alitoza kodi ya kuta, alimnyonga mtu mmoja ambaye pengine hakustahili, na hasira zake zilijulikana hata kwa farasi. Lakini kila mwaka, siku ya jina la Tessa, yaani sikukuu ya mtakatifu wake, alifika nyumba ya mchoraji, akainama mlangoni asigonge kichwa, akakaa kwenye benchi akila maharage na vitunguu.

"Kompare," angesema, "wewe unanuka chokaa hata kanisani. Ukifa hatutakuzika, tutakupaka ukutani."

"Na wewe unanuka farasi, kompare."

"Farasi wangu analalamika hivyohivyo."

Tessa angepanda magotini mwake akichezea kamba ya ile kofia chini ya kidevu, naye alimwacha alifungue fundo moja, kisha akalifunga tena.

Mwaka wa tisa familia kubwa ziliungana. Ilisemwa kwamba Tebaldo alipokea fedha za Castelbruno ili afungue lango. Wengine waliamini, wengine walijifanya. Alitoroka kwa lango la mto na watu kumi na wanne. Baraza likamhukumu kuwa msaliti, na kwa kuwa mwili wake haukupatikana, likaamuru anyongwe kwenye ukuta. Ndivyo desturi ilivyokuwa katika miji ile: mkosaji aliyekimbia alichorwa kwenye jumba la baraza, miguu juu kichwa chini, na jina lake chini yake, wapita njia na wageni wamwone, mvua na jua vimwone.

Aliyekuja na habari ni Ser Puccio, karani wa baraza, mtu mwenye mikono safi sana.

"Mchoraji, baraza limekuchagua."

"Yuko Maestro Lando, fundi mkubwa kuliko mimi."

"Lando amevunjika nyonga."

"Ser Puccio, yule ni kompare wangu."

"Ndiyo maana umechaguliwa wewe. Ukikataa tutajua moyo wako uko wapi. Una mke, una binti, una nyumba yenye paa." Karani alitazama juu, kana kwamba analihakiki lile paa. "Na hatutaki maajabu. Mtu, kamba, mfuko wa fedha shingoni. Jina nitaandika mimi mwenyewe, kwa herufi kubwa. Wewe chora mtu tu."

Alipoondoka, Ghita alikaa karibu na mumewe.

"Umesikia alivyosema? Mtu tu."

"Nimesikia."

"Basi chora mtu. Mpe ndevu. Mpe pua ya babu yangu, hana kazi nayo tena. Siku kompare akirudi atamwona mtu asiyemjua, atacheka."

Manno alimshika mkono mkewe, maana ulikuwa ushauri wa kumtoa mtu kisimani. Akaapa atafanya hivyo. Na siku tatu alifanya hivyo.

Ukuta huchorwa lipu ikiwa mbichi. Fundi hupaka sehemu ya siku moja tu, akaichora kabla haijakauka, na huanzia juu akishuka. Kwa hiyo siku ya kwanza Manno alichora miguu na kamba. Siku ya pili mapaja na mikono iliyofungwa nyuma, siku ya tatu joho na mfuko. Kichwa kilibaki cha siku ya nne, nayo ilikuwa siku ya soko. Kilikuwa chini kabisa, hata hakuhitaji jukwaa. Alisimama juu ya sanduku, na watu wakamzunguka kama wanavyomzunguka mng'oa meno.

Alichora ndevu. Alichora pua ya babu yake Ghita.

"Huyo nani?" aliuliza Monna Diamante, muuza vitunguu, mkono kiunoni.

"Msaliti," alijibu Grifo mchinjaji.

"Msaliti gani? Huyo ni yule mwokaji wa Borgo. Amefanya nini, maskini? Mikate yake ilikuwa midogo, lakini hii imezidi."

Watu walicheka. Manno akaendelea.

"Msimlaumu fundi," Grifo alisema. "Watakatifu wake wote wana sura ya shangazi yake. Sasa na wasaliti wametoka ukoo huohuo."

"Mwite shangazi aje tumnyonge, tumalize kazi."

Kicheko kilichofuata hakikuwa kikali. Kilikuwa kicheko cha watu waliomzoea, ambao wangemuuzia vitunguu kesho yake. Angeweza kucheka nao. Maisha yake yote yaliyobaki Manno alijiuliza kwa nini hakucheka. Alikuwa na miaka thelathini na mitatu, na kwa miaka yote hiyo hakuna aliyewahi kusimama mbele ya kazi yake akanyamaza.

Alichukua mwiko akaukwangua ule uso. Akapaka lipu mpya, mkono wake ukitembea haraka kwa sababu jua lilikuwa limepanda. Akaanza tena, na safari hii hakuhitaji kufikiri. Alimjua mtu huyu. Alijua jinsi kona moja ya mdomo ilivyoshuka kabla ya mzaha, alijua mishipa ya shingo, alijua kope zake nzito. Aliugeuza uso ule juu chini akilini mwake kama mtu anavyogeuza bakuli, na damu ikamjaa usoni yule mtu wa ukutani, macho yakamtoka kidogo, yakatazama.

Nyuma yake hakuna aliyecheka tena.

"Yesu," Monna Diamante alisema kwa sauti ndogo. "Ni yeye."

Ukimya ule ulimwingia Manno kama mvinyo kwenye tumbo tupu. Alitaka uendelee. Ilikuwa imebaki kofia, kitambaa cheupe tu, kazi ya dakika chache. Lakini mtu aliyening'inizwa miguu juu kofia humdondoka, mkono wake ulimwambia hivyo, na nywele huanguka, na zikianguka huonekana sikio. Akachora nywele zinaning'inia. Akachora kikunjo kidogo cha nyama, na kivuli chake chekundu ndani, kwa brashi nyembamba kuliko zote alizokuwa nazo, na katika maisha yake hakuwahi kuchora kitu kwa uangalifu kama ule.

"Sikio lake liko wapi?" mtu mmoja aliuliza.

Kisha neno likatoka mahali fulani karibu na mizani ya Grifo, likapita kinywa hadi kinywa, likavuka soko, likafika kisimani wanawake wanapochota maji. Mwizi. Kapteni wetu alikuwa mwizi wa kukatwa sikio.

Jioni Tessa alikuja kumletea baba yake mkate. Alisimama mbele ya ukuta akiinamisha kichwa upande, kisha akainama kabisa ili aone uso ukiwa sawa. Alikuwa na miaka tisa.

"Baba, kwa nini umemvua kofia?"

"Ilidondoka. Si unaona yuko kichwa chini?"

Mtoto alifikiri.

"Lakini ile inafungwa kwa kamba," alisema. "Chini ya kidevu. Haiwezi kudondoka."

Manno alikusanya brashi zake. Usiku ule hakula, na Ghita, ambaye alikuwa ameshasikia kisimani, hakumwekea sahani.

Miaka sita ilipita. Familia kubwa ziligombana zenyewe kwa zenyewe, kama ilivyotarajiwa, na wakati wa mavuno ya zabibu waliobaki na nguvu walimfungulia Tebaldo lango la kusini. Aliingia mchana, mbele ya askari mia tatu. Hakuwa na chapeo wala kofia. Alikuja kichwa wazi, nywele zimekatwa fupi, sikio lake la kulia na pale palipokuwa na la kushoto pameachwa peupe kwa kila mtu. Watu waliojipanga kupiga kelele za shangwe walisahau kupiga. Mtu aliyeficha kitu miaka thelathini alikuwa hana cha kuficha tena, na aliyesababisha hayo alikuwa amesimama nyuma ya kigari cha zabibu, amejikunyata.

Mbele ya jumba la baraza Tebaldo alisimamisha farasi. Alijitazama ukutani kwa muda mrefu, kichwa ameinamisha upande kama Tessa siku ile. Kisha akaenda zake.

Ghita alisema wakimbie. Manno alikataa. Alikaa nyumbani akisubiri kuitwa, na siku arobaini hakuitwa. Ser Puccio alitozwa faini akahama mji. Grifo alipoteza kibanda chake. Kwa mchoraji hakuja mtu. Alianza kutamani aje askari, ampige, yaishe. Kila hatua uchochoroni ilimsimamisha, na kila hatua ilipita.

Siku ya arobaini na moja ilikuwa siku ya jina la Tessa. Tebaldo alikuja peke yake, akainama mlangoni asigonge kichwa.

"Nimekuja kwa mtoto wangu," alisema.

Alimletea mshipi wenye vifungo vya fedha. Tessa, sasa msichana wa kuolewa, alimbusu mkono, kisha, bila kuambiwa na mtu, akambusu upande wa kushoto wa kichwa. Tebaldo alikula maharage. Alimuuliza Ghita habari za mgongo wake. Kwa Manno hakusema neno mpaka aliposimama kuondoka.

"Kompare," alisema, na neno lile lilimchoma Manno zaidi ya tusi. "Kile kitu ukutani. Kiondoe."

"Nitakiondoa."

"Kinaondoka?"

Hapo ndipo Manno alipodanganya. Alikuwa amepita pale alfajiri moja ya wiki ile, akasimama. Mji haukuwa umeamka. Yule mtu alimtazama kutoka ukutani na alikuwa hai. Watakatifu wote, jogoo wote, makasha yote ya maharusi hayakuwa na pumzi moja, na huyu alikuwa nayo.

"Ukuta wa pale ni mbovu," alisema, akiangalia sakafu. "Tukiing'oa lipu, mawe yatafuata. Nitaifunika kwa chokaa."

Tebaldo alimtazama kwa muda.

"Wewe ndiye fundi," alisema.

Ndivyo ilivyoanza ile kazi ya mvua na ndoo. Tebaldo alitawala miaka kumi na miwili mingine, safari hii kama bwana wa mji na si kapteni, na alitengeneza daraja, na alizeeka. Kila mvua mtu wa ukutani alitoka, kila baada ya mvua Manno alimrudisha. Mara nyingine Tebaldo alipita sokoni mvua ikinyesha, akavuta joho, akatazama, akaendelea. Watoto waliozaliwa baada ya mambo yote hayo walifanya mchezo wa kusubiri sikio litokeze. Hakuna aliyempa Manno kazi ya kuchora uso tena. Walimpa kuta za mazizi.

Ghita alimsaidia kuchanganya chokaa mpaka homa ilipomchukua. Siku moja, mwaka wa mwisho wa maisha yake, alishika ngazi huku mumewe akipaka, akasema kwa upole, bila kuinua kichwa:

"Baba Tessa, miguuni unapaka mara tatu. Usoni unapaka mara moja."

Alisubiri jibu. Manno alichovya brashi. Ghita hakulirudia jambo hilo tena, naye alikufa nalo.

Mwezi wa kumi na moja, mwaka wa kumi na mbili, Tebaldo alivimba miguu akalazwa asiinuke. Alimwita Manno. Chumba kilikuwa na joto, na mwanamke wa jikoni, Nuta, alikuwa mekoni akikoroga uji wa mtama. Manno alikaa kwenye kigoda cha kuliani, mahali pa watu wote.

"Mvua kubwa leo," Tebaldo alisema.

"Kubwa, kompare."

"Nimetoka tena?"

"Umetoka. Kesho nitapaka."

Tebaldo alivuta pumzi kwa shida.

"Mwaka ule niliporudi nilimwita fundi mawe. Aliugonga ule ukuta kwa kiganja. Akaniambia, nyundo, patasi na asubuhi moja. Akaniambia ukuta ule unaweza kubeba jumba jingine juu yake."

Uji ulitokota. Manno aliitazama mikono yake, iliyochunwa na chokaa mpaka ikawa kama ya mtu mwingine.

"Ulijua," alisema.

"Kabla chokaa yako ya kwanza haijakauka."

"Basi kwa nini hukuamuru?"

"Ningeamuru, angevunja mtu mwingine. Nilitaka kuona kama utakwenda mwenyewe. Mvua nyingi, kompare. Niambie sababu. Nimebaki na siku chache, sitamwambia mtu."

Manno alitafuta uongo mwingine akakuta hana.

"Kwa sababu ni nzuri," alisema.

Tebaldo alianza kucheka, kicheko kikageuka kikohozi, Nuta akaacha uji akaja kumwinua mto. Alipotulia, macho yalikuwa yamelowa.

"Ni nzuri," alisema. "Hilo ndilo baya lake. Nilikuwa nikipita najisemea, yule ndiye mimi, huyu juu ya farasi simjui." Kisha mzaha ukamtoka usoni. "Miguu juu sikukulaumu. Ile ilikuwa kazi ya baraza, na ulikuwa na mtoto. Lakini kofia, Manno. Kofia ilikuwa imefungwa."

Hakumwita kompare. Manno alitoka akitembea karibu na kuta.

Jumamosi jua lilitoka, soko likajaa. Manno alikuja na ngazi, nyundo na patasi, bila ndoo. Binti yake Monna Diamante, aliyerithi meza ya vitunguu na ulimi wa mama yake, alimwona wa kwanza.

"Fundi, leo hakuna mvua. Umepotea njia?"

Manno aliweka patasi chini ya ule uso, pale ambapo chokaa ilikuwa nyembamba, mstari wa taya ukionekana kwa mbali hata kukiwa kukavu. Aliinua nyundo, na mkono ukakataa. Alisimama hivyo mpaka watu wakaanza kuacha biashara zao. Ndipo akapiga.

Shavu na sikio viling'oka pamoja, kipande kimoja kama kigae cha paa, kikadondoka juu ya majani ya vitunguu bila kuvunjika. Vingine viliporomoka kwa vumbi: pua, kope, ule mdomo ulioshuka kona moja. Aliinama kukusanya. Kile kipande kizima kilikuwa kidogo kama kiganja, na aproni yake ilikuwa na mfuko mkubwa. Hakuna aliyeona. Akaendelea na shingo, akapanda ngazi, akaendelea na joho.

Adhuhuri ukuta ulikuwa mawe matupu, nayo hayakutikisika hata moja. Tessa alifika kutoka kwa mumewe na ufagio na kikapu. Alifagia kimya, akajaza kikapu, kisha akasimama mbele ya baba yake, amekinyoosha.

"Na hicho, baba."

"Kipi?"

"Cha kwenye aproni."

Soko lote lilikuwa linaangalia. Uso wa Manno ulimwaka kama zamani mbele ya matanuri. Ghita alikuwa kaburini, lakini alimwona pale chini kama zamani, ameshika ngazi. Alikitoa kile kipande. Alikiweka juu ya jiwe la mlango wa baraza, upande wa rangi ukiwa juu, akakitazama mara moja tu. Kisha akakiponda. Aliponda mpaka hapakuwa na rangi wala umbo, ni unga mwekundu tu ambao Tessa aliufagia.

Alikwenda kwa Tebaldo moja kwa moja, vumbi likiwa kwenye nyusi zake.

"Sikio?" mgonjwa aliuliza.

"Ndilo la kwanza kutoka," Manno alisema. "Na la mwisho kuvunjwa. Nililificha. Tessa aliliona."

"Kaa."

Manno alielekea kwenye kigoda cha kuliani.

"Sio huko," Tebaldo alisema. "Huku."

Hakuna mtu aliyewahi kukaa upande wa kushoto. Manno alikivuta kigoda akazunguka kitanda, akakaa, na mbele ya macho yake, karibu kiasi cha kuligusa, likawa lile jani lililoungua. Alikuwa amelichora bila kukosea hata mkunjo mmoja. Alifumba macho. Kisha akasema alilokuja kusema, lile ambalo alikuwa amelibeba miaka kumi na minane, kwa sauti ya chini, kama watu wanavyosema kwa padri.

"Upande huu sisikii vizuri," Tebaldo alisema. "Sema tena."

Alisema tena. Tebaldo akatikisa kichwa, kwamba bado hajasikia.

Nuta mekoni aliacha kukoroga. Mlangoni walikuwapo askari wawili, na nyuma yao Tessa na kikapu chake kitupu. Manno aliinama mpaka mdomo wake ukakaribia ule mkunjo wa nyama, na kwa sauti ambayo chumba kizima kilisikia, na pengine hata uani, alisema, "Kompare, nilikuvua kofia kwa makusudi. Nisamehe."

Kona moja ya mdomo wa Tebaldo ilishuka kidogo.

"Sasa nimesikia," alisema, na hakumwambia atoke kwenye kile kigoda.